Video Thelathini na Moja za Achari

Kassim ameniandikia kwamba mama yake amezikwa Alhamisi, Pangani, na kwamba watu walikuwa wengi. Sikwenda. Kutoka Tanga mjini hadi Pangani si mwendo wa kusingizia umbali, na siku hiyo sikuwa na homa wala mgeni. Nilikaa na simu mkononi nikijiambia nitakwenda kwenye arobaini. Siku hizi nina miwani ya kusomea, nina mvi ninazozipaka hina, na nina kazi inayonipa heshima: nafundisha akina mama wa vikundi namna ya kuuza bidhaa zao mtandaoni. Wenye sabuni, wenye karanga, wenye mashuka ya kudarizi. Wananiita Madamu. Nawaambia wamjibu mteja kwa jina lake, wapige picha karibu na dirisha, wasiahidi mzigo ambao haujafungwa. Wiki iliyopita mmoja wao, muuza unga wa lishe, aliinua mkono: "Madamu, nasikia mtu anaweza kupanga video za mwezi mzima zikawa zinatoka zenyewe, yeye kalala zake. Mbona hiyo hutufundishi?" Nikamwambia hiyo siifundishi. Akauliza kwa nini. Nikaanza kukohoa, nikaomba maji. Wallahi, mtu mzima na miwani yangu, nikaomba maji ili nisijibu swali la muuza unga.

Mwaka ninaotaka kuusema nilikuwa na miaka ishirini na tisa, natandika vyumba katika hoteli moja ya Doha, nakaa Al Wukair kwenye jengo la kampuni. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya ghorofa. Juu mimi, chini yangu Mwanaidi wa Pangani, aliyefanya kazi kwenye dobi la hoteli hiyohiyo. Upande wa pili alilala Njeri, Mkenya wa Nakuru, mhudumu wa mkahawa, na kitanda cha juu yake kilikuwa cha masanduku. Dirisha letu lilitazamana na ukuta wa jengo jingine. Kiyoyozi kilikuwa na mlio wake, kinakoroma, kinanyamaza, kinastuka tena, na tulikizoea hata kilipoharibika hatukuweza kulala. Jiko lilikuwa chini, la ghorofa nzima, na kila sufuria imeandikwa jina la mwenyewe kwa rangi ya kucha. Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, jiko lilikuwa la Mwanaidi. Hakuna aliyempa. Ni kwamba akishaanza kukaanga pilipili, nani mwingine angeweza kukaa mle?

Alikuwa anatengeneza achari ya ndimu. Ndimu anazichana, anazitia chumvi, anazianika juu ya paa kwenye sinia, na jua la Doha linazikausha kwa siku mbili, kazi ambayo kwao ingechukua wiki. Kisha pilipili, kitunguu saumu, siki, na kitu fulani cha bizari ambacho hakuwahi kuniambia. Njeri alikuwa anatoka nje ya jengo na taulo usoni. "Aki Mwanaidi, hii pilipili yako itaniua, na mamangu hana mtoto mwingine!" Mwanaidi anacheka, kafunika mdomo kwa mtandio. Hakuwa msemaji. Lakini alikuwa na jambo lake moja katika biashara: hakukuuzia chupa mpaka akuulize, "Unakula na nani?" Ukisema unakula peke yako, anakupa kali. Ukisema na wenzako wa chumbani, anakupa ya wastani, asije akagombanisha watu. Madereva wa Industrial Area walikuwa wanamwagizia kwa midomo ya wenzao, na dada zetu wa Unguja waliofanya kazi kwenye nyumba za Al Thumama nao hivyohivyo. Ilikuwa inakwenda. Leo hii, baada ya semina zangu zote, sijaona swali la sokoni lililo bora kuliko lile la unakula na nani.

Mimi ndiye niliyeleta balaa la maendeleo. Nilikuwa namfuatilia mtu mmoja mtandaoni, nilimwita Kocha, ambaye kila siku alikuwa anatoa somo la biashara ndogo kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Nilimsikiliza kwa sikio moja huku nikitandika mashuka ya wageni. Usipoonekana, hupo. Watu hawanunui bidhaa, wananunua hadithi. Ukurasa ukinyamaza siku tatu, umekufa. Kiongozi hachanganyi urafiki na kazi. Mimi niliyameza yote. Nikamfungulia Mwanaidi ukurasa kwenye simu yake, maana Kocha alisema akaunti ishikwe na mwenye mali, nikaingia nao kwenye simu yangu pia, na nikajipa cheo cha Mkurugenzi. "Na Mwanaidi ni nani kwa hii kampuni?" Njeri akauliza. Nikamjibu, "Mzalishaji." Njeri akapiga makofi. "Haki ya nani! Ameajiriwa na pilipili yake mwenyewe!" Mwanaidi naye akacheka, na mimi nikacheka, ingawa moyoni nilikuwa sitanii hata kidogo.

Ramadhani ilipokaribia, Mwanaidi akaniambia hatasimama mbele ya kamera na swaumu yake kupiga domo, na isitoshe dobi lingekuwa na vitambaa vya meza vya hema la futari mpaka wachoke. Nikaona, eh, mwezi mzima wa kimya, ukurasa si utakufa? Basi tukazirekodi zote kabla, Ijumaa mbili za mwisho za Shaabani. Video thelathini za mwezi na moja ya Idi. Nilitumia simu yangu, ilikuwa na kamera nzuri. Na ili watu wasijue kuwa zote ni za siku mbili, nilipita kila chumba cha ghorofa yetu kuazima mitandio. Waganda walitoa, Wasomali walitoa, Njeri alitoa kitambaa chake cha kanisani, cha maua ya zambarau. Kila video mtandio mwingine, na pembe nyingine ya chumba. "Assalamu alaykum wapenzi wa achari, funga inaendeleaje?" Mwanaidi anasema, kikombe cha chai kiko pembeni yake, na akimaliza anaangua kicheko. "Rukia, namdanganya nani mimi? Sijafunga hata siku moja!" Tulifurahi siku zile. Nalisema wazi kwa sababu yaliyofuata hufanya watu wadhani tulikuwa maadui.

Video ya thelathini na moja ndiyo iliyotugombanisha. Kocha alisema mama anagusa moyo wa mteja kuliko kitu chochote. Nikamwambia Mwanaidi, "Ya Idi, msalimie mama." Akakataa. "Mama si tangazo, Rukia." Nikamwambia hadithi yako ndiyo mtaji wako, mama yako yuko Pangani na wewe uko huku unahangaika, watu watalia. "Wakilia ndiyo watanunua achari?" Nikasema ndiyo. Nilimbana mpaka akachoka. Akavaa mtandio wake mwenyewe, mweupe, akatazama simu, na kwa mara ya kwanza siku ile hakufunika mdomo. "Mama, Idi njema. Usichoke kuningoja. Idi ijayo, inshallah, nitaswali nyumbani, na mimi ndiye nitakayekupikia, wewe ukae tu." Halafu akageuza uso. Nilitokwa na machozi nyuma ya simu, na bado nayafuta nikawa nawaza: hii itasambaa. Nilikuwa mtu wa namna hiyo.

Usiku wa kuandama mwezi akaniambia niitoe ile ya Idi kwenye ratiba. Zote nilikuwa nimeshazipanga, kila siku saa kumi na moja jioni video moja inatoka yenyewe. Sikutaka. Nikamtolea somo la uongozi, neno kwa neno. "Mwanaidi, urafiki kando, biashara kando." Akanitazama kutoka chini. "Kando ipi, na kitanda chako kiko juu ya changu?" Akachukua simu yake, akageukia ukutani. Kulipokucha ukurasa ukanikataa. Alikuwa amebadilisha namba ya siri. Nikamwambia, "Haya, endesha mwenyewe, Mkurugenzi," na tukanuniana. Siku nne. Kwenye futari tulikaa mkeka mmoja. Yeye anasukuma sahani ya tende upande wangu bila kusema, na mimi nachukua bila kusema. Njeri, ambaye hata hakuwa amefunga, alikuwa anakaa katikati yetu na kulalamika. "Mnafunga chakula ama mnafunga mdomo? Ongeeni bwana!" Nilikuwa nasubiri aanze yeye. Nadhani naye alikuwa ananisubiri mimi.

Siku ya tano alianguka kwenye dobi, mbele ya mashine ya kupigia mashuka pasi. Njeri ndiye aliyekuja kuniita ghorofa ya sita, hana pumzi. Hospitali walituambia mshipa wa kichwani umepasuka. Alikuwa na miaka thelathini na moja, hajawahi kulalamika hata kipandauso. Tuliruhusiwa kumwona kupitia kioo, mipira na mashine, na kichwa kimefungwa bendeji nyeupe. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia akizinduka, nimeyapanga vizuri, ya kuomba radhi bila kuonekana nimeshindwa. Hakuzinduka. Siku ya saba ya Ramadhani akafariki. Kassim, kaka yake, alitoa idhini kwa simu azikwe hukohuko, maana kumsafirisha kungechukua siku nyingi. Akaniomba jambo moja: "Dada Rukia, mama ana presha. Usipokee simu yake kwanza mpaka tujue namna ya kumwambia." Wanaume wa Kitanzania wa Doha walimswalia na kumzika vizuri, Mungu awalipe. Wanawake hatukwenda makaburini. Nikabaki chumbani nakitazama kitanda cha chini.

Jioni ileile dada wa ghorofa nzima walikaa kwenye mkeka wetu, tunasoma Yasini. Saa kumi na moja simu za watu zikalia, moja, ya pili, ya tatu. Msichana mmoja wa Kiganda akaifungua yake bila kufikiri. "Assalamu alaykum wapenzi wa achari, funga inaendeleaje?" Alikuwa Mwanaidi, amejitanda kitambaa cha Njeri cha kanisani, maua ya zambarau, anatabasamu. Yule msichana alipiga kelele akaitupa simu. Njeri akajifunika uso na mikono. Na mimi, nakwambia ukweli, ndipo nilipokumbuka kwamba zimebaki ishirini na nne.

Nilijaribu. Isije ikaonekana sikujaribu. Ukurasa ulitaka namba ya siri, na kama umeisahau, unatuma tarakimu kwenye simu ya mwenyewe. Simu ya mwenyewe ilikuwa ofisi ya kampuni, ndani ya mfuko uliofungwa kwa lakiri pamoja na saa yake na pasipoti, inasubiri karatasi za urithi kutoka kwao. Nilikwenda kwa karani, Mmisri mmoja mpole, nikamweleza. "Bukra, ukhti," akasema, njoo kesho. Nikaja kesho. Bukra. Siku ya tatu alinyanyuka akanionyesha mfuko wenyewe kabatini, simu iko mle, kioo cheusi, nimeshindwa hata kuigusa. Akaniambia kwa Kiarabu cha kuchanganya na Kiingereza kwamba ufunguo wa kabati anao, ruhusa hana, na kwamba yeye pia ana dada. Nikaripoti kwa wenye mtandao kwamba mwenye ukurasa amefariki. Majibu yalikuja papo hapo, ya mashine: tumeitazama video hii, haijavunja kanuni yoyote. Nikaanza kuandika chini ya kila video: Ndugu zangu, Mwanaidi amefariki, tafadhali msiagize. Watu wakanishukia. Mmoja akasema ni wivu wa biashara, namchafulia mwenzangu jina. Mwingine akasema ni sisi wenyewe tunatafuta kiki. Wengine waliandika Inna lillahi, na chini yao mtu anauliza chupa kubwa bado ipo? Saa kumi na moja kila siku alitoka na mtandio mwingine, akawaambia futari bila achari ni adhabu. Kila alichokisema nilikuwa nimemwandikia mimi.

Pangani walimwambia mama yake siku ya kumi na mbili ya Ramadhani, walimpelekea shangazi wawili na imamu. Aliitwa Bi Mwanakombo. Kassim alinipigia baada ya hapo, sauti imekauka. "Amekataa." Nikauliza amekataa nini. "Amekataa kwamba amekufa. Kawaambia, Mwanaidi amekufa lini? Wakasema Alhamisi. Akasema, Alhamisi aliongea, jana ameongea, na leo saa kumi na moja ataongea, nyinyi mna nini na mwanangu? Anamwona kila siku kwenye simu ya mke wangu. Watu wamekuja kuhani, amewapikia futari!" Halafu akalia, mwanamume mzima. "Dada Rukia, si wewe uliyeitengeneza hiyo kitu? Izime!" Nikamwambia siwezi. Akasema, "Kuwasha ulijua."

Kisha Bi Mwanakombo mwenyewe akanipigia. Nikapokea, ningefanyaje? "Rukia mwanangu, hebu niambie wewe unayelala naye chumba kimoja. Huyu Mwanaidi nimemkosea nini? Simu yangu haipokei, ila watu wa achari anapata wasaa nao." Nikamwambia, Mama, pole, Mwanaidi hatunaye, video alizirekodi mapema. "Zote?" Zote, Mama. "Kwa siku ngapi?" Mbili. Nikadhani amenielewa. Akasema taratibu, kwa huruma, utadhani mimi ndiye niliyefiwa na akili: "Mwanangu, mbona kila siku ana mtandio mwingine?" Nikaanza kumweleza habari ya mitandio ya kuazima. Nilijisikia ninavyoeleza. Hata mimi nisingejiamini. "Haya," akasema, "akirudi kazini mwambie mama kapiga."

Siku zilizobaki nilikuwa nahesabu kitu kimoja tu, ile ya Idi. Kama Mwanaidi aliitoa usiku ule alipogeukia ukutani, salama. Kama hakuitoa, basi siku ya Sikukuu mama yake atasikia kwa masikio yake kwamba Idi ijayo mtoto anarudi, na hapo nani tena angemtoa kwenye kungoja? Hakuna aliyejua aliitoa au la. Nilikuwa na nakala kwenye simu yangu, niliyoirekodi mwenyewe, na sikumwambia mtu, hata Njeri. Njeri alinishika mkono akasema, "Tuombe tu. Wewe kwa njia yako, mimi kwa yangu." Mwezi ulitimia thelathini. Siku ya Idi tulivaa nguo mpya, hatukwenda popote, tulikaa vitandani na simu katikati. Saa kumi na moja. Na robo. Na nusu. Hakuna kitu. Njeri akasema, "Aliitoa, aki, aliitoa," akanikumbatia, na mimi nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nilishukuru kabla sijafikiri kwamba huko Pangani kuna mtu naye alikuwa anatazama saa.

Siku ya tatu ya Idi Kassim akapiga. Alisema mama alikaa na simu tangu adhuhuri ya Sikukuu, amejifunga kanga mpya. Hakula. Kesho yake akakaa tena. Kesho kutwa hakuiomba simu. Aliomba maji ya udhu, akaswali, akamwita Kassim akamwambia, "Mwanangu hawezi kuninyima salamu ya Idi. Basi amekufa kweli." Ndipo msiba ukaanza, karibu mwezi mzima baada ya kifo, na watu wakarudi kuhani upya.

Mwisho wa mwaka ule mkataba wangu uliisha nikarudi. Kabla sijafungua hata masanduku nilikwenda Pangani kumhani kwa macho. Alinipokea vizuri, jamani, afadhali angenitukana. Alinipa chai na vitumbua, akaniuliza habari za Njeri, akaniuliza kama kazi ya dobi ina moto mkali. Pochi yangu ilikuwa mapajani, na simu imo ndani ya pochi, na Mwanaidi wa mtandio mweupe yumo ndani ya simu. Bi Mwanakombo akamwaga makombo ya sahani kwa kuku, akaketi, akaniambia ameziangalia zile video zote, mke wa Kassim alimrudishia moja moja mpaka zikaisha. "Anawasalimu wapenzi wa achari. Anawasalimu madereva. Hata wale wa majumbani anawasalimu." Akanitazama. "Wewe ndiye uliyekuwa unampiga picha. Mimi hakunitaja hata siku moja?"

Nikimwambia ndiyo, ataomba kuiona. Akiiona, atasikia usichoke kuningoja. Mkono wangu ulikuwa juu ya zipu.

"Hapana, Mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akavuta kanga begani. "Basi kazi zilimzidi," akasema. "Maskini mwanangu."